Koili ya Mtani Wangu

Simu ilipigwa nikiwa nachambua mchele. Ilikuwa sauti ya kijana, imekauka. "Shikamoo bibi, napiga kutoka Ulyankulu. Baba amefariki." Nikamuuliza baba yupi, maana Ulyankulu ina akina baba wengi. "Baba Kashindye. Alisema akifa, wewe upigiwe kabla ya ndugu." Nikaweka ungo chini. Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, nikatoa ovaroli ya bluu niliyokuwa nikiivaa karakana wakati bado nina nguvu, nikaivaa juu ya gauni. Nikachukua bunda la waya wa shaba nikalivaa shingoni. Mjukuu wangu akanikuta mbele ya kioo nafunga vifungo, akashika mdomo. "Bibi, unakwenda msibani au unakwenda kazini?" Nikamwambia nakwenda kote kuwili, na anitafutie gari.

Kwa asiyejua nieleze mara moja, kisha nisiulizwe tena. Mimi Mzaramo, Kashindye alikuwa Mnyamwezi, na hilo peke yake linatosha kutufanya watani hata kabla hatujajuana majina. Babu zao walipita kwetu na pembe za ndovu vichwani wakielekea pwani, wakarudi na vitambaa na shanga. Walilala kwetu, waliugua kwetu, wengine walizikwa kwetu, na watu wetu waliopanda bara wakazikwa kwao. Katika kupitiana huko watu wakakubaliana kwamba watatukanana bila kugombana na watazikana bila kuombwa. Ndiyo maana msibani kwa Mnyamwezi ndugu wanalia na mtani anachekesha. Anaiga mwendo wa marehemu, anavaa kama yeye, anaziba njia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Lolote atakalosema siku hiyo ni utani, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwenye misiba mingi. Lakini safari hii nilikuwa na langu moyoni. Kuna neno Kashindye aliniambia siku moja akiwa juu ya lori, tukiwa vijana, na maisha yangu yote sikujua kama lilikuwa la kweli. Sasa aliyelisema amekufa, na barabara nzima ya kwenda Ulyankulu nilikaa kwenye kiti cha mbele, nimeshika waya wangu, namlaani kwa kuondoka bila kunijibu.

Jinsi nilivyofika Tabora na nani alinileta si habari ya leo. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa msichana mwenye vidole vyembamba na mdomo mkali, na Mzee Nasoro alihitaji vidole. Mzee Nasoro alikuwa wa zile nyumba za Waarabu wa Gongoni waliokuja na misafara wakasahau kurudi. Mbele alikuwa na duka. Nyuma ya pazia alikuwa na chumba kirefu cha kuwaindi mota, yaani kuzungushia waya upya mota zilizoungua. Chumba kile mpaka leo nikifumba macho nakiona. Kuta nene za udongo, boriti za mninga juu, dirisha moja dogo linalotazama uani ambako fundi Hamisi alikuwa akichomelea mageti. Upande mmoja rafu ya mota zilizokufa, za mashine za kusaga, za pampu, za feni. Upande wa pili madebe ya asali ambayo Mzee alinunua kwa watu wa vijijini. Kwa hiyo chumba kilinuka vanishi na asali kwa pamoja, na hiyo ndiyo harufu ya ujana wangu. Wengine ujana wao unanuka marashi, wangu unanuka vanishi, na sitaki kubadilishana na mtu.

Mimi na Kashindye tulikaa tunatazamana. Yeye alizungusha mpini, mimi nikaongoza waya kwa vidole ulale mstari kwa mstari, usipandane. Alihesabu mizunguko kwa Kinyamwezi, chini chini, na kazi yangu ya pili, ambayo sikulipwa, ilikuwa kumpoteza hesabu. "Mnyamwezi, umefika wapi? Babu yako alibeba pembe mpaka pwani akihesabu hatua, na bado alipunjwa." Naye bila kuinua uso: "Afadhali babu yangu alifika pwani. Babu yako alizaliwa pale pale na hakujua kuogelea." Kisha anasimama, macho yamemtoka. "Ala! Umenipoteza, mwanamke wewe!" Tunafumua, tunaanza upya. Mzee Nasoro kutoka dukani: "Nyinyi wawili! Hiyo shaba mnadhani inaota bustanini?" Na kweli haikuota. Ulikuwa mwaka wa uhaba. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kitambaa hata foleni yake hukuiona. Waya tuliufumua kutoka mota moja tukautia nyingine, tukiunyoosha kwa kuuvuta kwenye kitasa cha mlango. Umeme wa mji nao ulikuja ukipenda.

Adhuhuri Bi Zuwena, mke wa Mzee, alileta sinia. Wali wa Tabora, ule mchele unaonukia kabla hujafunikua, na mbaazi, na msimu wa uyoga tulikula uyoga mpaka tukasahau nyama. Baadaye kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Alipenda kukaa nami dakika chache Mzee na Hamisi wakienda msikitini na Kashindye akinyoosha miguu uani. Siku moja akaniambia, anakusanya vikombe, "Wewe unampenda yule kijana." Nikaruka. "Bi Zuwena! Yule mtani wangu!" Akanitazama vile watu wazima wanavyomtazama mtoto anayekataa kwamba ameiba sukari nayo ipo mdomoni. "Kwani nimekuuliza yule ni nani wako? Nimesema unampenda." Akabeba sinia yake akaondoka. Nilikaa pale nikajihisi moto masikioni. Ndiyo, nilimpenda. Nilipenda jinsi alivyoweka penseli nyuma ya sikio akaitafuta chumba kizima. Nilipenda kwamba alikuwa mrefu na hakujua aweke wapi miguu. Lakini utamwambiaje mtani wako unampenda? Kila siku nilikuwa namwita mume wangu mbele ya wateja, naye ananiita mke wangu mchoyo, na wateja wanacheka. Maneno yote ya mapenzi tulikuwa tumeshayatumia kwa mzaha, halikubaki hata moja la kusema kwa kweli.

Kiangazi kilipokolea, mjomba wake alikuja kutoka Ulyankulu kwa baiskeli, nguo zake zinanuka tumbaku. Alikuwa ndiye aliyemlea. "Mwangaluka," alisalimia dukani, na sisi nyuma ya pazia tukasimamisha mikono. Tulimsikia vizuri. "Mzee Nasoro, nimekuja kumchukua mtoto wa dada yangu. Tumbaku haina mikono mwaka huu." Mzee Nasoro akasema kijana anajifunza kazi. "Amejifunza sana. Sijakataa. Lakini analeta nini nyumbani? Anashika umeme kutwa nzima, na nyumba yetu ina giza vile vile." Kashindye akaweka mpini chini, akafunua pazia, akaingia dukani, na mimi nikabaki nimeshika waya ambao mwisho wake haukuwa na mtu.

"Shikamoo mjomba. Nipe mpaka mvua za kwanza. Nitakutengenezea taa isiyotumia mafuta, wala betri, wala nguzo ya umeme. Ikiwaka mbele ya macho yako, unaniacha mjini. Isipowaka, napakia vitu vyangu mwenyewe."

Mjomba akamwambia: "Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Aliporudi nilimwambia, "Mnyamwezi, umejiuza mchana kweupe." Akacheka, lakini aliushika mpini akauzungusha kinyume. Na mimi usiku ule sikulala vizuri. Kama angeondoka, ningekaa nikitazamana na nani?

Wazo lake lilikuwa hili, na nalieleza kwa sababu hata leo naliona zuri. Alichukua sumaku ya spika iliyokufa, akaibandikia msumari. "Tazama, mtani. Sumaku hii imeshika msumari tangu jana. Wewe ukishika msumari mkono umenyooka, utachoka. Hii haichoki. Nani anailisha?" Nikasema labda inakula kwa siri. "Sikiliza bwana! Nguvu inatoka ndani yake, inamwagika bure hewani. Na shaba ndiyo chombo cha kuikinga. Tukiizungushia waya wa kutosha, tutaikamata." Alisema 'tutaikamata' huku amenitazama, na mimi nikasahau hata kumtania. Kazi za wateja tulimaliza kwanza, kisha alasiri ikawa ya koili, yaani bunda la waya uliozungushwa. Mzee Nasoro alijua, akajifanya hajui. Alitupa hata spika tatu mbovu, akasema zinamjazia rafu.

Koili ya kwanza ilikuwa nene, tumeilisha sumaku katikati, tumeifunga na glopu ya tochi. Tukakaa tunaitazama kama watu waliopika wali wakaogopa kufunua sufuria. Hakuna kitu. Kashindye akaleta mita ya Mzee ya kupimia umeme. Mshale umelala. Kwa hasira akaichomoa sumaku, na hapo mshale ukaruka! Akairudisha ndani, ukaruka upande wa pili, ukalala tena. "Mtani! Umeona? Inataka kusumbuliwa! Ikikaa kimya nayo inakaa kimya!" Nikamwambia basi hiyo ni Mnyamwezi kabisa, haifanyi kazi mpaka ipigiwe kelele. Kuanzia hapo akawa na gurudumu la baiskeli juu ya meza, amelifunga sumaku ukingoni kote, na sumaku nyingine amezipanga pembeni ili zisukumane. Alitaka lizunguke lenyewe daima, koili ziwe zinakinga. Lilizunguka, ndiyo. Lilizunguka kwa mbwembwe, glopu ikapepesa, roho zetu zikaja juu, kisha gurudumu likapunguza mwendo na kusimama, kila siku mahali pale pale. Nililiita punda. Asubuhi nikiingia: "Mnyamwezi, punda wako ameamkaje?" "Amegoma tena, mke wangu." Akabadilisha nafasi za sumaku, akapanga upya, akapunguza, akaongeza. Mawingu yakaanza kujikusanya mchana na kutawanyika jioni. Sote wawili tulikuwa tunatazama juu kila tukitoka, na hakuna aliyesema anatazama nini.

Utepe wa kufungia koili uliisha nasi hatukuwa na pa kuupata. Nikavua kanga niliyokuwa nimejitanda, nyekundu yenye maua meupe, karibu mpya, ambayo kwa mwaka ule ilikuwa mali, nikaichana mbele yake. Vitambaa virefu virefu. Alinishika mkono. "Unafanya nini wewe? Utajitanda nini?" Nikamwambia, "Nikijitanda nikakukosa kwenye meza hii, kanga itanisaidia nini?" Neno lilinitoka hivyo hivyo, zima, bila chumvi ya utani. Akanitazama. Nikaona anatafuta kunijibu, na mimi kwa woga nikawahi: "Nitakudai mahari, usifikiri ni sadaka." Akacheka kwa kushusha pumzi, mimi pia, na tukafunga koili kwa kanga yangu, mzunguko juu ya mzunguko, kisha tukaipaka vanishi. Mpaka leo nikikumbuka namna nilivyowahi kucheka natamani kujitia kibao.

Iliwaka siku ambayo hatukuitegemea. Koili ya kanga tulikuwa tumeitengenezea duara la chuma kutoka transfoma mbovu, ili iwe nzito na yenye nguvu, na Kashindye aliiweka sakafuni karibu na mlango wa uani apate nafasi mezani. Waya mnene wa mashine ya kuchomelea ya Hamisi ulikuwa umepita pale pale, umelala juu ya chuma. Hamisi nje akaanza kuchomelea geti. Mimi nilikuwa natafuna karanga. Nikaona glopu ya koili yetu inawaka. Hamisi akiacha, inazima. Akianza, inawaka. Hakuna waya wetu uliogusana na wake; wake umevaa mpira wake, wetu umevaa kanga. "Kashindye," nikasema, na siku zote nilimwita Mnyamwezi, kwa hiyo aligeuka haraka. Alipiga magoti. Akapitisha waya wa Hamisi katikati ya duara la chuma, akapiga kelele, "Hamisi, choma! Choma tu, usiache!" Glopu ikawaka nyeupe, ikaangaza chumba chote kile cheusi. Tulishikana mabega tukaruka kama watoto wa shule, madebe ya asali yakatikisika. Mzee Nasoro akaja mbio akidhani kuna moto, akasimama mlangoni, akasema, "Mashallah." Bi Zuwena akapiga kigelegele bila kujua cha nini. Kashindye alilia machozi kabisa, akanifuta mimi yangu kwa kiganja kichafu, na hakuna kati yetu aliyetania. Wallahi kama kungekuwa na siku ya kusema, ilikuwa ile. Tulifurahi mno, tukasahau kusema.

Mjomba akaja na wingu. Alileta matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye mfuko wa kitambaa, akatugawia sote, maana hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Tulimkalisha kwenye kiti cha Mzee Nasoro. Kashindye alivaa shati lake la sikukuu. Hamisi akachoma, glopu ikawaka, na mjomba akainama, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya koili, akapitisha kidole kati ya waya na waya kuona kama zimegusana. "Hee! Haikuguswa na kitu." Akapiga makofi. Tukapiga wote. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni maneno ya kumwambia Kashindye jioni ile.

"Sasa mwanangu," mjomba akasema, anatafuna taratibu, "huyu bwana akizima mashine yake?"

"Inazimika, mjomba."

"Na umeme wa mji ukikatika?"

Nilimwona Kashindye anafika mahali ambapo mimi na yeye hatukuwahi kufika katika miezi yote ile, kwa furaha tu. "Inazimika," akasema.

"Kwa hiyo umetengeneza taa ya kuwaka mahali penye taa." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayejaribu kuelewa. Lakini Hamisi kule nje alicheka, na mteja aliyekuwa dukani akacheka, na Kashindye mwenyewe mwishowe akacheka, akaketi sakafuni karibu na koili. Mzee Nasoro akaingilia, akasema kijana ana kichwa, aachwe, yeye atamlipia hata mtu wa kufanya kazi shambani badala yake. Mjomba akamtazama mpwa wake. "Mimi simlazimishi. Aseme yeye." Na Kashindye akasema, "Neno nililitoa mwenyewe." Wanyamwezi bwana! Watabeba mzigo mpaka mwisho wa njia hata mwenye mzigo akiwaambia watue. Nilikasirika, nikamtukana mchana kutwa, na yeye akifungafunga vitu vyake anaitikia, "Ndiyo, mtani. Kweli, mtani."

Lori la kubebea mbolea lilisimama karibu na soko. Baiskeli ya mjomba ilikuwa imeshapakiwa, na mjomba alishapanda. Watu wamejaa, wengine wamekaa juu ya magunia. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri na mji mzima ulinuka udongo. Kashindye akapanda, koili ameikumbatia kifuani, imefungwa na kanga yangu. Nilisimama chini nimekunja mikono. Lori likaanza kunguruma. Akainama juu ya ubao, akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Mtani! Panda twende. Nikuoe. Mahari mbuzi mmoja, na macho yote mawili anayo." Watu wakaangua kicheko. Nikasema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, "Mzaramo niolewe na mbeba mizigo? Nani atanifundisha kubeba?" Kicheko kikazidi. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi sitanii." Na hapo ndipo watu walicheka mpaka kushika mbavu, maana kila mtani husema hatanii, ndiyo sehemu yenyewe ya utani. Nikamjibu, "Hata mimi sitanii." Nilikuwa nasema kweli tupu, na nikalisikia neno langu linadondoka katikati ya kicheko cha watu wale na kupotea. Lori likaondoka. Nilisubiri nione kama atageuka, na aligeuka, lakini kwa mbali vile huwezi kuusoma uso wa mtu.

Baadaye alikuja mjini na mke. Jina lake Anjelina, mtoto wa zile familia zilizokuja Ulyankulu kutoka Burundi, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi. Mimi nami niliolewa, na mtu mwema, Mungu amrehemu. Mzee Nasoro alipozeeka chumba kile kilikuwa changu, na mpini nikazungusha mwenyewe na kuongoza waya mwenyewe. Kila msimu wa kuuza tumbaku Kashindye alisimama mlangoni akapiga kelele, "Mke wangu! Mume wako amekuja, kahawa iko wapi?" na mume wangu wa kweli anacheka, anamvutia kiti. Aliendelea na mambo yake. Punda hatimaye alimpatia kazi: gurudumu la baiskeli lenye sumaku na koili, watoto wake wanapiga pedali kwa zamu, nyumba ina taa. Majirani walikwenda kusoma vitabu kwa mwanga wake. Alinieleza yote hayo kwa mikono, penseli ipo nyuma ya sikio. Tulitaniana mpaka mvi. Neno la kwenye lori hakuna aliyeligusa, na mimi ningemuulizaje? Angenijibu, na ningejuaje kama jibu lenyewe si utani?

Basi nilifika. Juu ya bati kuna sola siku hizi, na gurudumu la punda limeegemezwa ukutani, kuku wamelala chini yake. Waliponiona na ovaroli, vilio vikageuka vicheko. Nikaanza kazi yangu. Nikaiga mwendo wake wa miguu isiyojua pa kwenda. Nikatafuta penseli niliyoiweka nyuma ya sikio, nikaitafuta mfukoni mwa mchungaji, nikaitafuta kwenye sufuria za wapishi. Wajukuu zake walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha jeneza likainuliwa, na mimi nikaenda nikajilaza kwenye kizingiti cha mlango, mzima mzima, na uzee wangu. "Hapiti mtu!" Wakaniletea sarafu, nikazitupa. Wakaniletea kuku, nikamfukuza. "Sitaki kuku! Huyu ni mume wangu! Mimi ndiye mke wake wa kwanza! Aliondoka na kanga yangu nyekundu, nilimpenda tangu tukiwa chumba kile na sikuacha hata siku moja, na hatoki hapa mpaka nipewe mali yangu!" Nilisema yote. Nilisema kwa sauti, mchana, mbele ya kijiji kizima, kila neno la kweli, na kijiji kizima kilicheka. Waliobeba jeneza walicheka mpaka likayumba. Mzee mmoja akasema, "Mtani huyu anajua kazi!" Nami nilicheka, machozi yananitoka, na hata machozi wakayapigia makofi.

Nilipofungua macho Anjelina alikuwa amesimama juu yangu. Alikuwa amekwenda chumbani akarudi. Mikononi alikuwa na koili, duara lake la chuma limeshika kutu, na juu yake kanga, wekundu umekwisha, maua bado unayajua ukitazama vizuri. Akachuchumaa, akaniwekea kifuani. Watu walikuwa wanashangilia kwamba mtani amelipwa, kwa hiyo alilazimika kuniinamia sikioni.

"Aliniambia utalala mlangoni," akasema. "Aliniambia utasema wewe ni mke wake, na watu wote watacheka. Akaniomba, Anjelina, siku hiyo wewe usicheke."

Nikamtazama. Hakuwa anacheka. Akanishika kiwiko, akaniinua, tukasimama pembeni ya mlango pamoja, yeye na mimi, tukawaachia njia wapite naye.